Mwaka Tuliokatazwa Kupeana Mikono

Ilianza Jumanne, saa kumi na dakika tano jioni. Kengele ya kuona wagonjwa ilikuwa imeshalia, na sisi tulioleta vyakula tulikuwa tumebanana mlangoni mwa wodi ya wanawake, hotipoti mikononi, tukisubiri kufunguliwa kama kila siku. Mlango ulipofunguliwa, Sista Agnesi, mkuu wa wodi ile, hakusogea pembeni. Alisimama katikati, mwili wake mpana umeziba njia, akasema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kubishana na wengine kabla yetu: "Kuanzia leo hakuna kupeana mikono humu ndani. Si na mgonjwa wako, si na mgonjwa wa mwenzako. Salamu ni ya mdomo." Mama Salima, aliyekuwa na duka la vitenge mjini na mama yake mzazi amelazwa kitanda cha dirishani, akauliza, "Sista, kwani tumegombana?" Watu wakaangua kicheko. Sista Agnesi hakucheka.

Mwezi uliopita tulimzika dada yangu Ndeshi, kule mlimani, kwenye migomba iliyolowa ukungu hata saa nne asubuhi. Pale tulipoingilia uani paliwekwa kigoda, na juu yake chupa ya dawa ya kusafishia mikono. Kila aliyefika alijipaka, akasugua, akapita. Hakuna aliyeuliza kama tumegombana. Baada ya mazishi nilipokea mikono ya pole mpaka bega likaniuma, na katikati ya mikono hiyo yote, migumu na laini, nilijikuta namuwaza mtu mmoja tu, ambaye si ndugu yangu na ambaye hakuna hata mmoja kati ya waombolezaji wale aliyemjua. Dada alikufa mtu mzima, wajukuu wakimlilia. Lakini mwaka ule wa katazo alikuwa binti tu, na tulimpata tena kwa tundu la sindano. Sijawahi kujuta kwamba tulimpata. Ninachojutia ni kitu kingine, na sijui kama kina jina.

Nilikuwa kidato cha tatu, shule ya kutwa, nikiishi kwa dada huko Themi, Arusha. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili na sebule iliyojaa vitambaa vya kufuma: juu ya redio kaseti, juu ya viti, hadi juu ya chupa ya chai. Mwaka ule mji ulikuwa umejaa vitu. Sabuni za kunukia zilizokuwa zikipatikana kwa kujuana tu sasa zilipangwa barabarani, mitumba ilimwagwa chini kama mahindi, na kila mtaa ulikuwa na duka la dawa lililopakwa rangi mpya. Hospitali nayo ilikuwa imeanza kututaka tuchangie, na kuchangia maana yake ilikuwa kwamba mgonjwa huja na glovu zake, nyembe zake, na mche wake wa sabuni. Dada alijifungua mtoto wa kiume kwa upasuaji, mtoto akachukuliwa na bibi yake mzaa baba kwenda mlimani, na shemeji, aliyekuwa dereva wa watalii, alikuwa mbugani siku nyingi kuliko nyumbani. Dada akabaki wodini, maana kidonda chake kilikataa kufunga. Kazi yangu ilikuwa kutoka shule, kuwasha jiko la mafuta ya taa, kupika mtori wa ndizi na nyama, kuuponda mpaka ulainike, na kuuwahisha ungali wa moto.

Kupika hakukunisumbua. Kilichonitesa kilikuwa kuingia wodini. Anayewajua watu wetu anajua kwamba huendi hospitali kumwona mgonjwa wako ukampita wa mwenzako. Unaanzia mlangoni, kitanda cha kwanza kulia, unatoa mkono, "Shikamoo mama, unaendeleaje?", unakwenda cha pili, cha tatu, unazunguka wodi nzima, na ndugu waliokaa pembeni nao unawapa mkono mmoja mmoja, ndipo ufike kwa wako. Nilikuwa na haya kiasi kwamba darasani nilijua majibu nikanyamaza. Nilikuwa na daftari ambalo kila jioni niliandika mambo ya siku, lakini mwaka ule limejaa vyakula tu: leo mtori, leo ndizi na nyama, leo uji wa ulezi dada kaumaliza. Watu sikuwaandika. Niliwaogopa hata kwenye karatasi. Kwa hiyo Sista Agnesi aliposema hakuna kupeana mikono, pengine mimi peke yangu katika kundi lile ndiye niliyefurahi.

Aliyetueleza sababu ni daktari wa wodi, kijana mrefu mwenye asili ya Kilimanjaro, aliyekuwa na tabia ya kukaa kwenye ukingo wa kitanda kama ndugu wa mgonjwa. Mama Salima alimbana siku hiyo hiyo. "Dokta, huyu mama wa kitanda cha tatu aliyefariki wiki iliyopita, si alikuwa na kidonda cha tumbo? Mkono unahusikaje?" Dokta akasema kidonda kile kiliingiliwa na wadudu wa utumbo. Wadudu hao wanaishi tumboni mwa mtu, hawamuumi, hajui hata kama anao. Shida ni wakitoka huko wakafika kwenye kidonda, au kwenye mpira wa mkojo. "Na wanatokaje?" "Kwa choo, mama. Na kwa mkono uliomwaga choo, ukashika kitanda, ukashika mkono wa mwingine." Mama Salima akatazama viganja vyake. "Kwa hiyo tunapeana salamu za chooni." Wodi nzima ikacheka, hata wenye mishono, wakashika matumbo yao kwa maumivu. Dokta naye alicheka, kisha akasema jambo ambalo lilizima kicheko: "Zamani ningemchoma mgonjwa sindano, wadudu wakafa. Hawa wa sasa wamezizoea. Nimejaribu dawa zote zilizopo kabatini, wanazinywa kama chai."

Kwenye kitanda kilichokuwa ubavuni mwa dada alilala bibi mmoja wa Nduruma ambaye wote tulimwita Koko, kama Waarusha wanavyomwita bibi. Alivunjika nyonga akiteka maji mferejini, akafungwa mguuni uzito wa kuuvuta, akawekwa na mpira wa mkojo, akaambiwa alale hivyo hivyo mpaka mfupa uunge. Watu wake walikuja siku za gulio tu, wakipata usafiri. Siku nyingine alikuwa wetu. Alikunywa mtori wa dada akasema ni mzuri ila ni chakula cha wazazi, yeye alikuwa anatamani loshoro, mahindi ya kuchemsha na maziwa ya mgando, na kila siku alimwuliza dada, "Mdogo wako anajua kupika loshoro?" na kila siku dada alijibu, "Huyu? Anajua kuandika tu." Koko hakuwa akinipa mkono. Kwa desturi yao mtoto huinamisha kichwa, mkubwa akamwekea kiganja utosini, ndiyo salamu. Mara ya kwanza sikujua, nikatoa mkono wangu wa kawaida. Akautazama tu. "Wewe ni mzee mwenzangu?" akauliza. Nikainama. Kiganja chake kilikuwa kikavu na chepesi, kikakaa pale muda mrefu kuliko nilivyotarajia, akasema, "Sasa nimekuona." Nakiri kwamba katika salamu zote za wodi ile, hiyo tu haikunitesa. Ukiinama huhitaji kumtazama mtu machoni.

Jioni ya katazo, baada ya Dokta kuondoka, nilisimama kati ya vitanda viwili sijui nifanye nini. Nikasema, "Koko, shikamoo," kwa mdomo, kama tulivyoagizwa. Hakuitikia. Alinitazama, akamtazama Sista Agnesi aliyekuwa akijaza chati kule mwisho, akanong'ona, "Wamekataza nini?" "Mkono, Koko." "Kichwa wamekataza?" Dada akaziba mdomo asicheke. "Kichwa hawajakitaja," nikasema. "Basi lete." Nikainama. Kuanzia siku ile wodi yote ikajifunza. Mama Salima, mwanamke mzima mwenye mtandio wa hariri, aliinamisha kichwa kwa Koko huku akisema, "Nibariki, bibi, biashara iende vizuri." Wageni wa vitanda vingine wakafuata. Sista Agnesi aliona, nadhani, akaamua kutoona, kwa sababu tulikuwa tumeacha kushikana mikono na kazi yake ilikuwa nyingi. Tulijiona tumeitii sheria na salamu tumebaki nayo. Nikikumbuka sasa naona sote tulidhani kwamba lililokatazwa ni jambo la heshima, la nani anampa nani mkono. Hakuna aliyefikiria kiganja.

Na maji, je? Hili nalo lazima niliseme, kwa maana nimeishi muda wa kutosha kuona watu wakilaumiwa kwa mikono yao bila mtu kuuliza bomba liko wapi. Bomba la wodi lilitoa maji asubuhi; mchana lilikohoa tu. Kulikuwa na ndoo moja yenye mfuniko na kopo, na mabeseni ya choo yalisuuzwa kwenye sinki lile lile walikooshea vikombe. Wauguzi wawili walizunguka vitanda vyote, na glovu ilivaliwa kwa mgonjwa aliyeinunua. Katazo la Sista Agnesi lilikuwa la haki, ila lilikuwa ndilo pekee alilokuwa na uwezo wa kulitoa bila kuomba kitu kwa mtu. Nilikuja kulielewa hilo nikiwa na umri kama wake.

Koko alishikwa na homa siku ambayo nilikuwa nimepika loshoro. Nilimwuliza jirani, nikaiunguza mara ya kwanza, mara ya pili ikatoka, nikaibeba kwenye kibakuli chenye kifuniko, nikiwa na furaha ambayo sikuwa nimeizoea. Alionja kijiko kimoja. "Umeiva," akaniambia, si loshoro bali mimi, akafumba macho akitetemeka chini ya blanketi. Dokta alipokuja aliuliza dawa alizowahi kunywa. Koko akahesabu kwa vidole akiwa amefumba macho: rangi mbili, vile vidonge vya nyekundu na nyeusi, kwa mgongo, vya nyekundu na njano kwa mafua, na nyingine alipewa na kijana wa duka jipya pale gulioni, kila alipochoka kulima. "Zilinisaidia," akasema kwa fahari. "Wewe unanipa sindano tu, zako hazina nguvu." Dokta akaandika, hakumbishia. Sampuli ya mkojo ilipelekwa kwenye maabara kubwa nje ya Arusha, ikachukua siku zake. Siku hizo zote Koko aliniwekea kiganja utosini kila jioni, cha moto kama chungu.

Majibu yalirudi asubuhi nikiwa shule. Nilipofika jioni kitanda cha Koko kilikuwa kitupu, godoro limekunjwa, nami nikajua amekufa. "Hapana," dada akasema haraka. "Wamemhamishia chumba cha mwisho." Chumba cha mwisho kilikuwa stoo ya magodoro, na dirisha lake moja lilitazama mlima. Dada alikuwa amelia. "Alikataa, Nipa. Alisema, 'Nimewaroga?' Sista akamwambia ni wadudu. Akasema, 'Mimi nina wadudu? Mimi naoga.' Wakambeba na mguu wake hivyo hivyo." Dokta aliniita kando, kwenye korido. Aliniita kwa jina, akaongea nami kama mtu mkubwa, na pengine ndiyo maana nakumbuka kila neno. Wadudu wa Koko walikuwa wale wale wa mama wa kitanda cha tatu. Alikuwa amepima kidonda cha dada, walikuwa bado hawajafika. "Wewe ndiye unayemwosha dada yako kidonda siku za mapumziko ya wauguzi, siyo?" Nikaitikia kwa kichwa. "Basi usiingie chumba kile. Usimguse. Wakiingia kwenye kidonda cha dada yako, mimi sina kitu cha kumpa. Umenielewa? Sina." Nilimwelewa. Nilitaka kumwuliza nani ataingia. Swali lilikaa mdomoni kama jibu la darasani, likabaki hapo.

Kwa muda fulani baada ya hapo maisha yangu yalikuwa korido ile. Nilipita mbele ya chumba cha mwisho kwenda kumwaga maji, nikirudi nikapita tena, na mlango ulikuwa umeachwa wazi nusu. Wauguzi waliingia wakatoka. Wageni wa wodi, waliokuwa wakimwinamia Koko, sasa waligeuza shingo upande wa pili wakipita; Mama Salima peke yake ndiye aliyesimama mlangoni na kupaza sauti, "Koko, hujambo? Biashara imelala, toka huko!" na ndani tukasikia kicheko kidogo kikavu. Kidonda cha dada kilianza kufunga. Kingo zake zikawa na rangi ya waridi, Dokta akakisifia kama mtu anayesifia shamba. Kila jioni nilikitazama kwanza kabla ya kumtazama dada usoni. Nilikuwa na furaha, na furaha ile ilikuwa na mlango ulioachwa wazi nusu pembeni yake.

Jioni ya mwisho nilikuwa napita na beseni. "Nani huyo?" sauti ikasema. "Mimi, Koko. Nipa." "Wa loshoro?" "Wa loshoro." Nilisimama kizingitini. Alikuwa amekonda hadi shuka lilionekana kulala peke yake, isipokuwa pale mguu ulipokuwa umevutwa. Mlima ulikuwa umejivua mawingu dirishani, mweusi, kilele kina waridi kidogo. Akasema, "Njoo." Nikasema, "Koko, wamenikataza. Kwa sababu ya kidonda cha dada." Sikuwahi kumwambia mtu mzima sentensi ngumu kama ile. Nilidhani atasema tena kwamba yeye anaoga. Badala yake akauliza, "Kinafunga?" "Kinafunga." "Mtoto wake mzima?" "Mzima, yuko mlimani." Akavuta pumzi. "Basi inama hapo hapo." Nikaweka beseni chini, nikainamisha kichwa kwenye kizingiti, hatua chache kutoka kitandani. Sikuona alichofanya. Nilisikia shuka likisogea, nikasikia akijitahidi, kisha kimya kirefu, urefu ule ule wa kiganja chake. "Nimekuona," akasema. Nilipoinua kichwa mkono wake ulikuwa umeshashuka. Nimekaa miaka yote hii nikiusikia utosi wangu pale ambapo hapakuwekwa kitu. Watu husema lililo muhimu ni nia. Inawezekana. Lakini mtu aliyewagusa watu wote wa wodi alikufa usiku ule akiwa ameguswa na glovu tu, na aliyemwambia kwa nini ni msichana wa kidato cha tatu.

Asubuhi iliyofuata ilikuwa Jumamosi, nikaja na uji mapema. Godoro la chumba cha mwisho lilikuwa limeshatolewa nje kwenye majani, linaanikwa. Koridoni alisimama mwanamume wa makamo, shuka la Kiarusha begani, viatu vyake vina vumbi jeupe la Nduruma. Sista Agnesi alikuwa akimwonyesha mahali pa kuweka sahihi, na aliponiona akamwambia, "Huyu ndiye aliyekuwa akimpikia mama yako." Yule baba akanigeukia. Macho yake yalikuwa mekundu. Sikuwa na umri wa kupewa mkono naye. Kwa desturi yao ningeinama, aniwekee kiganja utosini. Lakini alinyoosha mkono wa kulia, kama mtu anayemshukuru mtu mzima. Alikuwa ametoka chumba kile. Alikuwa amemfunika mama yake, nadhani, amemweka sawa kichwa chake. Juu yetu ukutani palikuwa na katazo, limeandikwa kwa kalamu nene kwenye kipande cha boksi. Nyuma ya mlango wa pili dada alikuwa akinisubiri nikamwoshe kidonda. Sista Agnesi alinitazama.

Nilimpa mkono. Nikashika kiwiko changu kwa mkono wa kushoto kama tulivyofundishwa, nikasema, "Pole sana, baba." Aliushika kwa mikono yake miwili, akautikisa taratibu, akauachia. Kisha nikaenda bombani, hatua chache tu kutoka alipokuwa amesimama, kwa kuwa ilikuwa asubuhi na maji yalikuwapo. Nikaweka uji chini, nikachukua mche wa sabuni wa dada, nikanawa. Viganja, katikati ya vidole, chini ya kucha, mpaka viwikoni. Nilisikia kwamba hajaondoka. Sikugeuka. Nilinawa tena kuanzia mwanzo, yeye akiniangalia, halafu nikaokota uji nikaingia kwa dada.